Muulize Nesi: Ndita zimeondoka, na jicho nalo limelala

Safari hii nimefungua barua tatu za jambo moja, nikaona nizijibu pamoja. Zote zinahusu sindano za kuondoa makunyanzi, zile ambazo wenyewe mnaziita botoksi. Ya kwanza ni ndefu na nimeiacha ilivyo. Nilichofuta ni jina la saluni tu.

SWALI: Shikamoo Nesi. Mimi ni mama wa miaka 49, naishi Dar es Salaam, nina duka la vitenge. Binti yangu anaolewa. Kicheni pati ni Jumamosi ijayo, sendofu wiki tatu baadaye. Kwenye kikao cha kamati mdogo wangu akanionyesha picha kwenye simu, akasema, "Dada, mbona kila picha umekunja ndita kama unadai watu?" Ni kweli, nina mistari miwili katikati ya nyusi, nimekuwa nayo tangu nilipofiwa na mama. Akanipeleka kwa dada mmoja anayechoma sindano chumba cha nyuma cha saluni. Nililipa shilingi 350,000. Akanichoma sehemu saba hivi, katikati ya nyusi na kwenye paji la uso. Dakika kumi hazikufika, nikarudi dukani.

Siku ya tano ndita zilikuwa zimepotea kabisa, nikafurahi. Siku ya saba nikaamka jicho la kushoto limefunguka nusu. Nikadhani ni usingizi, nikanawa maji ya baridi, mpaka adhuhuri liko vilevile. Leo ni siku ya tisa. Kope limeshuka mpaka kwenye mboni. Ili nimwone mteja vizuri inabidi niinue kidevu kama kuku anayekunywa maji. Paji la uso nalo zito, nikitaka kuinua nyusi hazitii.

Mume wangu sikumwambia. Yeye anasema hiki ni kiharusi kinaanza, twende hospitali. Mama mkwe anasema ni kijicho cha watu, shughuli ya mtoto imewauma, na ameshaulizia mtu Bagamoyo. Yule dada wa sindano nimempigia, anasema nirudi anichome upande wa kulia "ili yalingane". Nesi, jicho langu litarudi? Nikachome tena? Na hospitali nitasema nini mbele ya mume?
Jicho Moja, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Jicho litarudi. Nimeanza na hilo kwa sababu najua mengine huwezi kuyasoma kabla ya kulisikia. Kope lililoshuka kwa sindano hii hupanda lenyewe, kwa wengi ndani ya wiki mbili hadi sita. Wapo wanaochelewa zaidi, lakini dawa yenyewe haina makazi ya kudumu mwilini. Baada ya miezi mitatu au minne kazi yake imekwisha, na ndita zako zitarudi kudai nafasi yao. Kwa hesabu hiyo kicheni pati itakukuta hivyo hivyo. Kwenye sendofu una matumaini.

Upande wa kulia usiguswe. "Ili yalingane" maana yake nini? Yalale yote mawili? Mtu anayejua kazi hii hachomi sindano ya pili kufukuza kope lililoshuka, kwa sababu hakuna dawa ya kuiondoa ile ya kwanza ikishaingia. Unasubiri.

Sasa nikueleze kilichotokea. Mimi nimefanya kazi wodi ya macho Tanga miaka 27, na dawa hii naifahamu tangu haijawa ya urembo. Ilianzia kwa watu wa macho. Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, alikuwa anatafuta njia ya kunyoosha makengeza bila kisu. Alitaka kulegeza msuli unaovuta sana ili jicho lirudi katikati. Marekani waliiruhusu mwaka 1989, kwa makengeza na kwa watu ambao macho yao hujifumba yenyewe kwa mikazo. Kule Vancouver, Kanada, palikuwa na mke na mume, Jean Carruthers daktari wa macho na Alastair Carruthers daktari wa ngozi. Mgonjwa mmoja aliyekuwa akitibiwa mikazo ya macho alilalamika kwamba siku hiyo hakuchomwa katikati ya nyusi, na akichomwa pale uso wake hutulia. Hapo ndipo wakaerevuka. Wakaandika matokeo yao mwaka 1992, na mwaka 2002 Marekani ikaruhusu sindano hiyo itumike kwa ndita. Kwa hiyo, mwanangu, dawa ilitoka jichoni ikapanda kwenye nyusi kutafuta maisha. Kwako wewe imerudi nyumbani.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Neva ikitaka msuli ukaze, humwaga kemikali kidogo pale inapokutana na huo msuli. Dawa hii hukata protini inayofungua mlango wa kemikali hiyo. Neva nzima, msuli mzima, ila ujumbe haufiki, na msuli unakaa umelegea mpaka neva itakapojitengenezea njia upya. Ndiyo maana hukuona kitu siku ile ile, ndita zikapotea siku ya tano, na kope likafuata siku ya saba. Tone lililokusudiwa msuli wa ndita lilipenya chini, nyuma ya nyusi, likaufikia msuli mwembamba unaoinua kope. Huenda alichoma karibu mno na mfupa wa juu ya jicho, maana mtaalamu hukaa angalau sentimita moja juu yake. Huenda alichanganya na maji mengi. Huenda wewe mwenyewe ulisugua ukiwa dukani. Kipimo kinachoandikwa kwa ndita peke yake ni uniti 20, zigawanywe sehemu tano. Wewe ulichomwa sehemu saba na paji la uso ndani yake. Je, alikuambia ni uniti ngapi? Hata mikono ya wazoefu hupatwa na jambo hili. Kwenye majaribio ya mwanzo ya ndita, watu kama 3 katika kila 100 kope liliwashuka. Kwa hiyo sitasema huyo dada alifanya uzembe kwa vile tu kope limeshuka. Kosa lake ni lile la simu, la kutaka kukuchoma tena.

Mwaka 1998 alikuja daktari mgeni kwetu na chupa ya chai iliyojaa barafu, ndani yake vichupa viwili. Tulikuwa na mzee mmoja mvuvi wa Pangani, macho yake yalikuwa yakijifumba yenyewe hata ikambidi aache bahari. Fikiria mtu yuko kwenye ngalawa, upepo unavuma, macho yanakataa kufunguka. Akachomwa. Baada ya wiki mikazo ikaisha, lakini kope la kulia likaanguka kama pazia. Mkewe alikuja kutugombeza, mimi ndiye niliyekuwa zamu. Mzee mwenyewe alikuwa anacheka. Alisema, "Nesi, nilikuwa nafumba mawili bila kupenda, sasa nafumba moja. Si haba." Wiki ya tano kope likawa mahali pake. Alirudi tena na tena kuomba sindano, kwa sababu mikazo ilikuwa inarudi kila baada ya miezi michache.

Wewe inaonekana una mambo mawili kwa mpigo, kope na paji la uso. Ukifika umri wetu huu, ngozi ya juu ya jicho huanza kulemea, na bila kujijua tunaibeba kwa kuinua nyusi kutwa nzima. Ukiulaza msuli wa paji la uso, mbebaji amelala na mzigo unashuka. Simama mbele ya kioo, inua unyusi wa kushoto kwa kidole taratibu, bila kuvuta kope. Ukiona jicho limefunguka lote, shida kubwa ni nyusi. Ukiona ukingo wa kope bado umeikalia mboni, msuli wa kope ndio uliopigwa. Nakuambia haya kwa sababu daktari wa macho ataweza kukusaidia kidogo kwenye kope. Kuna matone yanayoitwa apraklonidini, ambayo huamsha msuli mwingine mdogo ulio chini ya kope na kuliinua milimita moja au mbili kwa saa chache. Si nyingi, lakini ukipima milimita mbili juu ya mboni utaona tofauti yake kwenye picha. Yasinunuliwe kiholela. Yanahitaji mtu akuangalie presha ya jicho na moyo wako kwanza. Dar es Salaam hukosi pa kwenda, kuna hospitali ya CCBRT na kuna ya Muhimbili.

Na hapo ndipo tunafika kwa mume.

Mumeo hajakosea. Kope kushuka ghafla si la kulipuuza, na mwanamume anayeona jicho la mkewe limelala akasema "twende hospitali" ni wa kushukuriwa. Kiharusi mara nyingi huvuta na mdomo, mkono hukosa nguvu, maneno huteleza. Na kama kope lingeshuka pamoja na kichwa kuuma sana, kuona vitu viwiliviwili, au mboni ya jicho hilo kuwa kubwa kuliko ya pili, ningekuambia uache kusoma uende sasa hivi, sindano au si sindano. Hukutaja hata moja. Lakini fikiria ukienda naye huku umenyamaza. Daktari hana habari ya sindano, atatafuta kiharusi. Utapigwa picha ya kichwa, utatolewa damu, utalazwa uangaliwe, na bili ya yote hayo mtailipa katikati ya michango ya harusi. Wakati wote huo jibu unalo mdomoni.

Kuna kubwa zaidi. Wanawake wengi wa rika letu wakienda zahanati na homa ya mafua huambiwa wana UTI, wakachomwa jentamaisini, antibiotiki ya sindano, siku tano. Dawa hiyo na ndugu zake huongeza nguvu ya sindano uliyochomwa, kwa sababu nazo hupunguza ujumbe kati ya neva na msuli. Kwa miezi hii mitatu, popote utakapochomwa au kuandikiwa dawa, iwe zahanati ya mtaani au kwa daktari wa meno, useme. Pia kuna ugonjwa wa misuli unaoitwa miasthenia, kope hushuka zaidi jioni kuliko asubuhi. Mwenye nao hatakiwi kuguswa na sindano hii, na wengine hugundua kwamba wanao baada ya kuchomwa. Jiangalie asubuhi na jioni, mwambie daktari unachokiona.

Kitu chenyewe, mwanangu, ni sumu. Sisemi kwa kukutisha, ndivyo kilivyo. Ndiyo ile ya botulizimu inayopatikana kwenye chakula kilichoharibika mahali pasipo na hewa. Jina limetokana na neno la Kilatini la soseji, kwa sababu Wajerumani ndio walioiandika mapema, karne ya 19, wakati watu walipokufa kwa kula soseji mbovu. Kenya nako, miaka ya 1970 ikielekea ukingoni, iliwapata watu waliokula kumbikumbi. Kwenye kichupa kizuri imepimwa kwa kiasi kidogo sana, inakaa mahali ilipowekwa. Kwenye kichupa kisicho na jina, nani ajuaye kiasi chake? Mwaka 2004 huko Florida watu wanne walichomwa sumu ya maabara ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya binadamu. Wote walilazwa wakipumulia mashine, na mmoja wao ni daktari mwenyewe aliyewachoma. Tangu 2009 Marekani wanalazimisha onyo zito kwenye maelezo ya dawa hizi kwamba zinaweza kusambaa mbali na zilipochomwa. Kwa hiyo ukiona makope yote mawili yanashuka, unaona viwiliviwili, sauti inakuwa nzito kama ya mlevi, mate hayamezeki, shingo haibebi kichwa au pumzi inapungua, hiyo ni dharura. Inaweza kuja saa chache baada ya sindano, inaweza kuja wiki kadhaa baadaye. Ukifika, sentensi yako ya kwanza iwe: "Nimechomwa sindano ya makunyanzi tarehe fulani." Dawa ya kuzuia sumu ipo, lakini huzuia ile inayoelea tu. Iliyokwisha kuingia kwenye neva haiiondoi, ndiyo maana kuchelewa ni hasara.

Basi mpigie tena yule dada. Usigombane naye. Mwambie akutumie picha ya kichupa na boksi: jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya mwisho, uniti alizokuchoma. Mwulize kilikuwa kikikaa wapi. Kichupa hiki hutakiwa jokofu, nyuzi 2 hadi 8, na sote tunaijua Tanesco. Akitoa picha bila kusitasita, afadhali. Akianza kuzungukazunguka, peleka habari TMDA, mamlaka inayosimamia dawa, na daktari wako aelezwe kwamba kilichomo hakijulikani.

Mumeo mwambie leo, kabla ya chakula cha jioni, maneno machache: "Baba fulani, si kiharusi. Nilichoma sindano ya ndita kwa ajili ya shughuli, dawa imeshuka kwenye kope, nesi anasema itapanda, twende kwa daktari wa macho ahakikishe." Atakasirikia ile 350,000, hilo siwezi kukuepusha. Lakini mtu aliyelala siku mbili akiwaza mkewe anapooza, hasira yake itakuwa fupi. Mama mkwe naye mwambie kwa heshima kwamba kijicho kipo duniani, ila hiki ni kichupa. Nauli ya Bagamoyo inunue miwani mizuri ya giza kidogo ya kuvaa Jumamosi.

Umesema ndita hizo unazo tangu ulipofiwa na mama. Nimelisoma neno hilo mara mbili. Sina la kuongeza.

SWALI: Hujambo Nesi. Mimi ni msichana wa miaka 31, Nairobi. Nilichomwa sindano kwenye taya ili uso uwe mwembamba, na pembeni mwa macho kwa ajili ya mistari ya kucheka. Wiki tatu sasa. Nikicheka mdomo unaenda upande mmoja, na nikila mahindi choma taya linachoka kabla sijafika nusu. Rafiki yangu anasema niulize dawa ya kuyeyusha, yeye aliyeyushiwa za midomo.
Kicheko Upande, Kayole

JIBU: Sijambo mwanangu. Rafiki yako alijazwa, wewe ulilegezwa. Ni vitu viwili tofauti ijapokuwa vyote vinaingia kwa sindano. Ile ya kujaza midomo au mashavu mara nyingi ni asidi ya hialuroni, na kipo kimeng'enya cha kuiyeyusha. Yako haina cha kuiyeyusha. (Kujaza nako kuna hatari yake. Ngozi ikigeuka nyeupe au kuwa na mabaka ya zambarau, maumivu makali, au jicho kupungukiwa na uoni, hukimbiliwa saa hiyo hiyo, si kesho. Mwambie rafiki yako.)

Taya kuchoka ndiyo kazi uliyoilipia. Msuli mkubwa wa kutafuna umelazwa, na mahindi choma ni mzigo mkubwa kuliko ugali. Kula laini kwa wiki kadhaa. Tabasamu ndilo halikukusudiwa. Mbele ya msuli wa kutafuna, na chini kidogo ya mistari ya kucheka, hupita misuli inayovuta pembe za mdomo, na tone limeufikia mmoja wao. Litanyooka ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu. Asikuchome upande wa pili kusawazisha, mdomo ni mahali pabaya pa kubahatisha. Kama chakula kinakwama kooni au vinywaji vinatokea puani, basi si tabasamu tena, nenda hospitali. Na ukitaka kurudia mwakani, waulize kwanza kama ni daktari aliyesajiliwa atakayeshika sindano. Nairobi hawakosekani.

SWALI: Shikamoo Nesi. Mimi mwanamume wa miaka 52, niko Muscat, kazi yangu ni ya ofisini. Msinicheke. Nilichomwa paji la uso kliniki moja hapa, wiki tatu sasa. Katikati pametulia lakini nyusi zimepanda pembeni kama shetani wa kwenye michezo ya kuigiza. Watoto wananiogopa, mke anacheka. Nina picha ya kitambulisho wiki hii.
Nyusi za Juu, Muscat

JIBU: Marahaba mwanangu, na nimecheka, nisamehe. Wewe ndiye mwenye bahati katika barua za leo, kwa sababu lako hurekebishwa. Msuli wa paji la uso umelazwa katikati, pembeni ukaachwa macho, nao unavuta nyusi kwa nguvu zote. Rudi kwa aliyekuchoma. Uniti moja au mbili kila upande, juu ya pale nyusi ilipopanda, zinatosha kuishusha. Asizidishe, maana akizidisha utashuka mpaka utaandika barua ya Tabata. Picha ya kitambulisho iahirishe kama wanakuruhusu. Baada ya hiyo nyongeza hesabu wiki mbili ndipo ukakae mbele ya kamera, kabla ya hapo hakuna ajuaye nyusi zitatua wapi.